Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mbona duara langu linatoka na kona kona kwenye renda?

Haya maswali yananifikia karibu kila wiki, mengine inbox, mengine kwa vijana tunaokaa nao ofisini, na skrinshoti ni ileile: tangi, kuba, nguzo ya mviringo au ngazi ya kuzunguka, imechorwa vizuri kabisa ila ikitoka kwenye renda (picha ya mwisho inayotolewa na programu kutoka kwenye modeli) inafanana na kiazi kilichomenywa kwa panga. Nimeyakusanya hapa ili nikiulizwa tena nitume linki tu. Mifano mingi ni ya programu za kuchora za AutoCAD na SketchUp maana ndo nashinda nazo, Blender na Rhino nazigusa pale zinapohusika.

Nimechora duara kamili na vipimo viko sawa, kona zinatoka wapi?

Duara lako lipo salama, usilifute. AutoCAD inalihifadhi kama kitovu na nusu kipenyo, basi, hakuna kona hata moja mle ndani. Shida ni kwamba kadi ya grafiki haijui mviringo, inachojua ni pembetatu. Kwa hiyo kila unapoangalia umbo lako kwenye skrini au ukilirenda, programu inachukua ule mviringo wa kweli inaukatakata vipande bapa kisha inampa kadi avichore, na ikikata vipande vichache utaviona, ikikata vingi macho yanadanganyika unaona laini. Ndo siri yote hiyo. Watu wanahangaika na taa, material, ukubwa wa picha, wakati kosa limeshafanyika huko nyuma kwenye kukata.

SketchUp ni habari nyingine. Kule hakuna duara tangu mwanzo, unachokiita duara ni umbo la pande 24 lililovaa kanzu ya duara. Nitarudi hapo chini.

Nitajuaje tatizo langu ni la wapi?

Angalia ukingo wa nje, pale umbo linapokutana na anga au ukuta wa nyuma. Ukiona ukingo una kona na tumboni pia kuna mabamba mabamba, vipande ni vichache na mwanga haujalainishwa. Ukingo una kona lakini tumboni pamelainika vizuri, hapo mwanga umelainishwa ila vipande bado vichache, na hii ndo inayochanganya wengi kwa sababu ukiangalia kwa mbali unaona poa, ukizumu ndo aibu. Ukingo safi ila tumboni kuna mistari ya mabamba, vipande vinatosha, umesahau kulainisha tu. Na kama ukingo umepinda vizuri ila una meno madogo madogo ya msumeno, hiyo siyo kazi ya meshi (ule wavu wa vipande) kabisa, ni pikseli: ongeza ukubwa wa picha au ubora wa antialiasi (kulainisha meno ya pikseli) kwenye renda na uiache modeli yako kwa amani.

Fanya hicho kipimo kwanza, dakika moja tu. Kuna jamaa alibadilisha laptopu kwa ajili ya meno ya pikseli, sisemi ni nani.

AutoCAD: FACETRES niweke ngapi?

FACETRES ndo inayoamua solidi (umbo la 3D lililojaa) ikatwe vipande vingapi wakati wa kuonyeshwa kwa kivuli na kurendwa. Inaenda kuanzia 0.01 mpaka 10, na faili jipya linakuja nayo ikiwa 0.5. Hiyo 0.5 ndo chanzo cha nusu ya skrinshoti ninazotumiwa. Andika FACETRES, enta, weka 2 au 3, enta, halafu andika REGEN ili ichore upya, uone. Mi kazi za kawaida sivuki 4. Kumi naiweka siku ya kutoa faili la printa ya 3D au picha ya karibu sana, kisha naishusha, kwa sababu ukiiacha pale juu faili likiwa na mabomba na vifaa vya bafuni kila ukizungusha modeli unasubiri.

Nilikijua hiki kitu kwa njia ya aibu. Tulikuwa na kazi ya msikiti, kuba la kipenyo cha mita 6, picha ikachapishwa kubwa ikapelekwa kwenye kikao cha kamati. Mzee mmoja akaisogeza karibu na miwani, akapitisha kidole pembeni mwa kuba, akauliza kwa upole kabisa, "Hili kuba mtalijenga kwa mbao?" Kimya. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye kona. Tulirudi ofisini, FACETRES ilikuwa 0.5.

Jambo jingine, hizi setingi zinahifadhiwa ndani ya mchoro, siyo ndani ya programu. Ukifungua faili la mwenzio utakuta za kwake. Dawa ni kuziweka kwenye templeti yako ili kila faili jipya lizaliwe nazo.

Nimepandisha VIEWRES mpaka 20000, mbona modeli imekuwa nzito?

Kwa sababu VIEWRES na FACETRES ni mtu na mdogo wake. VIEWRES inashughulika na duara na tao zinavyoonekana kwenye skrini, inaanzia 1 mpaka 20000 na inakuja ikiwa 1000. FACETRES inahesabiwa kwa kuiegemea VIEWRES: ukiweka FACETRES 1, solidi inakatwa sawasawa na duara za VIEWRES, ukiweka 2 inakatwa mara mbili yake. Sasa wewe umempandisha kaka mpaka 20000 na mdogo umemwacha 4, unategemea nini? Iache VIEWRES kwenye 1000 au 2000, ucheze na FACETRES peke yake, maana ukiigusa FACETRES zinaathirika solidi tu lakini ukiigusa VIEWRES vinasogea vyote.

Kama hupendi kuandika amri, ingia OPTIONS, tabu ya Display, utazikuta zote kwenye kona ya Display resolution, ile Rendered object smoothness ndo FACETRES kwa jina lingine.

Niliambiwa niongeze ISOLINES, nimeweka 50 na renda haijabadilika

Na haitabadilika. ISOLINES ni ile mistari ya waya unayoiona kwenye umbo ukiwa kwenye wireframe, inakuja ikiwa 4. Inakusaidia wewe kuona umbo limepinda vipi, lakini renda haina habari nayo. Irudishe 4 au 8, la sivyo mchoro utafanana na dema la samaki. Kama lengo ni kuona ukingo wa umbo kwenye waya, weka DISPSILH iwe 1.

Chungu changu nimekizungusha, FACETRES nimeweka 10 na bado kina pande sita

Sita? Basi umetumia REVSURF, siyo REVOLVE. REVSURF haitengenezi solidi, inatengeneza meshi, yaani vipande vinakatwa pale pale unapobonyeza enta na vinabaki hivyo milele, FACETRES haina mamlaka nayo. Idadi inatoka kwenye SURFTAB1 na SURFTAB2, zote zinakuja zikiwa 6. Ziweke 36 au 48 kwanza ndo urudie amri. Ukibadilisha baada ya kutengeneza hakuna kinachotokea, lazima ufute uzungushe upya. Ndo hivyo hivyo kwa amri nyingine za meshi, RULESURF, TABSURF na EDGESURF.

Ushauri wangu ni kutumia REVOLVE tu labda uwe na sababu ya maana ya kutaka meshi. Solidi inabeba mviringo wa kweli, leo ukitaka vipande vichache kesho vingi ni kubadilisha namba. Meshi ni kama nguo iliyoshonwa tayari, ukinenepa unarudi kwa fundi.

Na zile polilaini (mistari iliyoungana) nilizozipinda kwa amri ya PEDIT?

Hapo setingi ni SPLINESEGS, inakuja ikiwa 8, pandisha. Halafu zipinde upya.

SketchUp: kwa nini kila nguzo yangu ina pande 24?

Kwa sababu ndivyo inavyokuja, duara 24 na tao 12, na hakuna anayekuambia. Namna ya kubadilisha: chukua kifaa cha Circle, kabla hujabofya popote andika 96s kisha enta, halafu ndo uchore. Usitafute sehemu ya kuandikia, andika tu, namba itaonekana yenyewe kule chini kulia. Ukishachora na bado hujalivuta, unaweza kubofya ule mstari wa duara ukabadilisha Segments kwenye Entity Info. Ila ukishalivuta juu kwa Push/Pull, nafasi imekupita, chora jipya.

Na hapa watu wanaumia zaidi kwenye Follow Me. Ukizungusha umbo kuzunguka njia ya duara la pande 24, kitu chako kizima kinarithi pande 24, hata kama profaili (lile umbo unalolizungusha) yenyewe uliichora kwa tao la vipande 60. Kwa hiyo angalia njia kwanza halafu profaili. Kwa kuba ninaweka njia 96 na tao la profaili 24, maana tao la robo duara lenye vipande 24 lina msongamano uleule wa duara zima lenye 96. Usiponielewa hapo chora uhesabu, robo mara nne.

Kuna tofauti gani kati ya Soften na Smooth?

Soften inaficha mstari kati ya vipande viwili na kuvifanya vihesabike uso mmoja ukibofya. Smooth inachanganya mwanga kati yao ili mabamba yasionekane. Mara nyingi unazitaka zote mbili, kwa hiyo chagua umbo zima kwa kubofya mara tatu, fungua Soften Edges, usogeze kile kitelezi cha pembe.

Kisogeze mpaka wapi? Hesabu yake rahisi kuliko watu wanavyodhani: gawa 360 kwa idadi ya pande. Duara la pande 24 lina nyuzi 15 kati ya kipande na kipande, la 12 lina nyuzi 30, la 96 lina 3.75. Kitelezi lazima kivuke hiyo namba ndo kilainishe, ila kisifike kwenye kona ambazo kweli ni kona, kama pale mfuniko wa tangi unapokutana na ubavu, pale ni nyuzi 90. Ukikivuta mpaka mwisho kila kitu kinalainika mpaka kona za ukuta, nyumba inakuwa kama sabuni iliyotumika wiki mbili.

Kwa Windows pia kuna njia ya mkato: shika kifutio, bonyeza Ctrl, pitisha kwenye mstari. Ukibonyeza Shift badala ya Ctrl unaficha mstari tu bila kulainisha mwanga, na hapo ndo unapata lile jambo la ajabu, mistari haipo lakini mabamba yapo.

Kwa hiyo nikilainisha mwanga sihitaji kuongeza vipande?

Hapana, kulainisha kunadanganya tumbo, ukingo hakuugusi. Hii ni mbinu ya zamani sana, Henri Gouraud aliitoa mwaka 1971 akiwa Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani, na akaijaribu kwa kuuchora uso wa mkewe mistari ya vipande na kuupima. Yeye alikokotoa mwanga kwenye pointi za kona za kipande halafu akausambaza katikati. Miaka miwili baadaye Bui Tuong Phong, Mvietnamu aliyekuwa anasoma palepale Utah, akaja na wazo la kusambaza mwelekeo wa uso badala ya kusambaza mwanga, ndo maana ule mng'ao wa kwenye mpira ukatoka mduara mzuri badala ya madoa. Zaidi ya miaka 50 imepita na kitufe cha Smooth bado kinafanya kazi hiyohiyo, na udhaifu wake bado ni uleule: kipande chenyewe kimebaki bapa, kwa hiyo ukiangalia pembeni kinapokutana na anga kona zinatoka. Na kivuli kinachoanguka chini nacho kinafuata umbo la kweli, siyo la kudanganya, utaona tangi laini lenye kivuli cha kona kona.

Sasa pande ngapi zinatosha?

Hili ndo swali la maana kuliko yote, na jibu linategemea picha, halitegemei ukubwa wa kitu.

Ukikata duara vipande, katikati ya kila kipande kuna pengo dogo kati ya mstari ulionyooka na tao la kweli. Chukua tangi la kipenyo cha mita 1. Kwa pande 24 pengo ni karibu milimita 4.3. Kwa 48 linashuka mpaka 1.1, kwa 96 ni 0.27. Umeona mchezo? Ukizidisha pande mara mbili, kosa linagawanyika kwa nne. Lile kuba letu la mita 6 lingekuwa SketchUp kwa pande 24, pengo lingekuwa karibu sentimita 2.6, yule mzee angeliona hata bila miwani.

Lakini jicho la mtazamaji linaona pikseli, milimita ni za fundi wa saiti. Tuseme kwenye picha yako tangi limechukua pikseli 800 kwa upana. Pande 24 zinakupa kosa la pikseli 3.4, linaonekana wazi. Pande 64 zinakupa chini ya nusu pikseli, hapo hakuna binadamu atakayeziona. Tangi hilohilo likiwa mbali kabisa juu ya paa, pikseli 40 tu, hata pande 16 zinatosha na ukiweka 200 unailisha kompyuta chakula bure.

Kwa hiyo mi nafanya hivi: kitu kilicho mbele ya kamera na kimejaa, 96 mpaka 128. Kitu cha kati, 48. Vya nyuma na vidogo, 12 mpaka 24. Vishikio vya milango na skrubu, nane zinatosha, wallahi hakuna mtu atazumu kwenye skrubu.

Si bora niweke vyote juu kabisa niachane na hesabu?

Jaribu uone laptopu itakavyounguruma. Kosa linashuka kwa nne lakini na pembetatu zinapanda kwa nne kwenye umbo lililopinda pande zote. Mpira wenye vipande 24 kuzunguka na 12 kwenda juu una pembetatu 528. Ukizidisha mara mbili ni 2,208, mara mbili tena 9,024, mara mbili tena 36,480. Sasa weka balkoni yenye vipira 60 juu ya nguzo za reli. Kwa mpira wa kwanza ni pembetatu 31,680, kwa ule wa tatu ni 541,440, na hapo hujaweka hata mti mmoja. Kama lazima uviweke, vifanye komponenti au bloku ili programu ikumbuke kimoja na kurudia, ila bado usizidishe.

Nimeleta modeli Blender, nikibofya Shade Smooth inatoka na madoa meusi

Sababu ziko tatu na nazitaja kwa mpangilio ninaozikagua.

Ya kwanza ni nomali zilizogeuka, yaani ule mshale unaosema uso unaangalia wapi, vipande vingine vinaangalia ndani. Ingia Edit Mode, chagua vyote, Shift na N. Ya pili ni pointi zilizoachana: faili likitoka CAD mara nyingi kila kipande kinakuja na pointi zake, vimegusana lakini havijashonwa, na mwanga hauwezi kusambaa kati ya vipande ambavyo havijuani. Bonyeza M, chagua Merge by Distance, angalia chini itakuambia imeunganisha pointi ngapi, ukiona maelfu ujue ndo ilikuwa hiyo. Ya tatu ni kwamba umelainisha na kona halali. Hapo unataka kulainisha kwa pembe, kawaida nyuzi 30. Kuanzia toleo la 4.1 ile tiki ya Auto Smooth iliondolewa ilipokuwa, sasa ni modifaya (kiongezo unachokivalisha umbo) inaitwa Smooth by Angle, kwa hiyo mafunzo ya zamani ya YouTube yatakuelekeza kwenye tiki ambayo haipo, usidhani umeharibu programu.

Kama umekagua yote na bado kuna madoa karibu na tundu ulilokata kwa Boolean (kutoa umbo moja ndani ya jingine), ni vile vipande virefu vyembamba kama sindano vinavyobaki pembeni ya tundu. Kwenye CAD rudi ukate vizuri, au huko Blender weka modifaya ya Weighted Normal, inapoza sana.

Tumbo limelainika lakini pale mwanga unapoishia kuna kivuli cha ngazi ngazi

Huo ni ugonjwa wa kulainisha kwa uongo tuliousema juu. Mwanga umekokotolewa kana kwamba uso umepinda, lakini kivuli kimekokotolewa kwa kipande bapa, vinakosana palepale kwenye mpaka wa mwanga na giza. Ongeza vipande, au kama ni Cycles (injini ya kurenda ya Blender) kuna setingi ya Terminator Offset tangu Blender 2.90. Taa laini kubwa nayo inaficha.

Umbo ni laini, vipande ni vingi, lakini mng'ao unavunjika pale fileti (kona iliyoviringishwa) inapoanza

Hongera, umefika tatizo la wakubwa. Hapa vipande havina hatia, ni hesabu ya mpindo wenyewe. Fileti ya kawaida inagusana na ukuta bapa kwa mwelekeo uleule lakini mpindo unabadilika ghafla, kutoka kunyooka kabisa mpaka tao, hakuna mpito. Kwa rangi ya kawaida ya ukuta huoni kitu. Weka kromu au rangi ya gari, utaona taa inayoakisiwa inakatika shingo palepale.

Kwa Rhino andika Zebra, kwa AutoCAD ni ANALYSISZEBRA, umbo linavaa mistari myeusi na myeupe. Mistari ikipishana kwenye kiungo, nyuso zimegusana tu. Ikikutana lakini inakunja ghafla, mwelekeo ni mmoja ila mpindo haulingani. Ikipita kama hakuna kiungo, umepata, watu wa magari wanaiita G2. Siyo bahati mbaya mambo haya yametoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa, Paul de Casteljau alikuwa Citroën na Pierre Bézier alikuwa Renault, wote walikuwa wanatafuta namna ya kuandika mpindo wa bodi kwa hesabu.

Kwa nyumba na samani usijitese. Mi naangalia zebra nikichora sinki, bomba na taa za kuning'inia basi.

Modeli yangu inatetemeka na nyuso laini zinakunjamana, ila ukiichora faili jipya iko poa

Ulianza na ramani ya mpima ardhi? Nilijua. Ramani ya UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita) huku kusini mwa ikweta inakuja na namba kubwa sana, kiwanja cha Dar kinaanza na milioni 9 na kitu kwa mita kwenda kaskazini. Kadi za grafiki nyingi zinahesabu kwa namba za biti 32, ambazo zinashika tarakimu kama saba tu, na zikishavuka 8,388,608 haziwezi kubeba hata desimali moja. Programu zina ujanja wa kujiokoa lakini siyo zote na siyo kila mahali, kwa hiyo pointi za kuba lako zinarukaruka na nomali zinachanganyikiwa. Chora kwa milimita ndo balaa zaidi.

Hamisha kila kitu kije karibu na 0,0,0, andika pembeni umehamisha kiasi gani ili ukimrudishia mpima vipimo viendane. Kubadilisha UCS (mhimili unaochorea) peke yake hakusaidii, namba za ndani zinabaki zilezile.

SketchUp inaacha matundu nikitengeneza vitu vidogo vya mviringo

Vipande vimekuwa vidogo kuliko inavyoweza kushika, ukingo ukiwa mfupi kuliko karibu sehemu ya elfu ya inchi inaunganisha pointi na uso haufungi. Tanua umbo mara 1000, fanya kazi yako, kisha lirudishe. Uso ukishafungwa hauvunjiki ukiupunguza.

Kwa printa ya 3D ni hivyohivyo?

Kasoro moja: huku hakuna kulainisha mwanga. STL, lile faili la printa, inabeba pembetatu tupu na printa inachapisha ilichopewa, kona ukizipeleka unazishika mkononi. Mfuniko wa kipenyo cha milimita 60 kwa pande 24 una pengo la milimita 0.26, kucha inalisikia. Kwa pande 72 ni 0.03, ukichapisha kwa leya za 0.2 hulisikii tena. Kwa AutoCAD pandisha FACETRES mpaka 10 kabla ya STLOUT, amri ya kutoa STL. Kwa OpenSCAD andika $fn=72 ndani ya mabano ya umbo. Faili lisikutishe, STL ya baineri inakula baiti 50 kwa kila pembetatu, hata ule mpira wa pembetatu 36,480 ni kama megabaiti 1.8.

Kuna vitu ambavyo havitakiwi kulainishwa?

Vipo, na vijana wanavilainisha. Lile bwawa la Husuni Kubwa, jumba la kale kule Kilwa Kisiwani lina pande nane kwa sababu waliolijenga walitaka pande nane, nimeona renda moja ya wanafunzi kuta zake zinaonekana kama za duara kwa sababu kitelezi kilivutwa mpaka mwisho. Angalia kitu chenyewe kwanza. Nguzo za pande nane, vibanda vya bustani vya pande sita, vioo vilivyochongwa, hivyo viache na kona zake, na kama unalainisha jengo zima kwa mpigo hivyo vitenge kwenye grupu lake.

Kadi yangu ya grafiki ni ya kawaida tu, nitaweza?

Utaweza, utasubiri tu. Fanya kazi ukiwa na FACETRES ya chini, pandisha usiku wa kurenda.

Mteja anasema bado anaona mistari kwenye kuba na mi kwangu sioni kitu

Umemtumia kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa, na anga na kuba, ambapo rangi inabadilika taratibu, ndo vinageuka matabaka matabaka. Tuma kama dokyumenti, PNG, umwambie aidownload kabisa asiangalie ile ndogo ya ukungu kabla haijamaliza kufunguka.